Neno la Kikorea lilivyotaka kumkosesha binti yangu mume

Wakuu, heshima kwenu. Haya ni ya kweli kabisa, chumvi nimetia ya kuonjea tu.

Mie wa Ngamiani, Tanga, shule nilipita nje nikienda kucheza mpira. Ila mke wangu, Mama Zuhura, ni tamthilia za Kikorea mpaka bando linaomba poo.

Huko akaokota neno: susanghae. Yaani hapa pana jambo, patiliwe shaka.

Akanifunza. Nikalijaribu kwa muuza samaki aliyenipa kibua aliyeoza. Mke wangu akanikata: "Huyo tapeli, ushamwona. Susanghae ni pale hujajua bado, ila roho inakwambia."

Haya. Akaja mchumba wa binti yetu Zuhura kujitambulisha. Kijana wa Kondoa, kaja na shangazi yake.

Chakula kikatua. Wali wa nazi, changu wa kupaka, harufu inafika Horohoro inagongewa muhuri, inavuka mpaka.

Kijana: "Nimeshiba, baba."

Kondoa mpaka Tanga, umeshiba nini, upepo?

Nikamgeukia mke wangu: "Susanghae!" Raha niliyosikia, nimelipatia!

Shangazi akaweka glasi chini. "Mkwe, hizo tamthilia hata mie naangalia. Na nyie mnaotushindilia wali kabla hatujasema kilichotuleta? Susanghae zaidi! Watu wa Tanga tunawajua. Mtoto akila hapa, kwao harudi."

Lo! Kumbe wanaogopa limbwata!

Mama Zuhura akafunga mtandio kiunoni. "Yaani jasho la jikoni langu, na uchawi wangu?"

Shangazi keshashika mkoba. Nikaiona ndoa inapanda basi inarudi Kondoa.

Mara Zuhura huyo, katoka chumbani, hakuitwa na mtu. Akakaa, akamega kwenye sahani ya kijana, akala.

"Kama mna dawa, nami nishaila. Kula, tupotee wote."

Wakuu, alikula! Changu alibaki mifupa, nayo ina wasiwasi. Shangazi naye, "naonja tu," akaonja sahani mbili.

Wameoana, wanakaa hapa hapa Tanga. Sasa kila Ijumaa mkwe yuko kwangu, sufuria hailali na kitu. Juzi nikanong'ona: "Mama Zuhura, huyu susanghae."

"Aka! Huyo tushamjua. Ni njaa."

Funzo: shaka kabla hujaitangaza, ijaribu kwanza kwa sahani moja.

Na nyie wa bara mlioko humu, semeni kweli, nani kawatisha na wali wetu?