Kusikiliza Bila Sahihi

Mwaka 1974, nikiwa na miaka thelathini na moja, ndipo taabu yangu ilipoanza. Kabla ya hapo nilikuwa na umaskini tu, na huo nilizaliwa nao kwenye kambi ya mkonge, baba yangu akiwa manamba kutoka Unyamwezini. Shule niliishia darasa la nne. Swichibodi ya simu ya Kilosa nilijifunza kwa kumtazama opereta huku nikifagia chini ya miguu yake. Alipostaafu wakaniita mimi. Hakuna aliyenibeba.

Chumba chenyewe kilikuwa kama choo: mlango mmoja, kidirisha juu, na mimi katikati, hedifoni masikioni. Wakati huo watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa. Bwana shamba mmoja, Msagara, yaani mtani wetu sisi Wanyamwezi, alikuwa akipiga simu Morogoro kulalamika kwamba watu wa upande wa Mvumi wanapelekwa kwenye mbuga inayojaa maji masika. Msimamizi wa operesheni hiyo akapata habari. Akaja mwenyewe.

"Huyo bwana shamba akiongea, usitoke kwenye laini. Sikiliza. Jioni uje unieleze."

"Ndiyo, mzee." Ningesema nini?

Mkuu wangu wa kazi aliogopa, akamwambia mwanasheria wa serikali aliyekuwa amekuja kwa ajili ya kesi. Kijana mdogo, suruali imenyooka. Wakakutana mle mle chumbani, mimi nimekaa, wao wanabishana juu ya kichwa changu.

"Shikamoo mzee. Lakini hili haliwezekani. Kusikiliza simu ya mtu kunataka sahihi ya waziri. Iko wapi?"

"Marahaba. Itakuja."

"Basi ikija ndiyo aanze."

"Operesheni haisubiri karatasi. Wewe ni mwanasheria wa serikali au wa bwana shamba?"

"Wa serikali, mzee. Ndiyo maana nakukataza."

Kijana akanigeukia mimi. "Ukisikiliza bila sahihi nitakushtaki wewe. Huyu simuwezi."

"Na usiposikiliza," akasema msimamizi, "utalala ndani. Na ole wako umwambie mtu."

Wakatoka. Wanaogombania sheria ni wao, shingo ni yangu.

Kila mmoja aliandikia wakubwa wake Dar es Salaam. Majibu hayakuja. Mimi nikawa nasikiliza, jioni nampelekea msimamizi habari za mbolea na panya, malalamiko nayaacha. Hakuniamini. Akaweka mtu wa kunifuata kutoka kazini mpaka mlangoni kwangu, hata msikitini alikaa nyuma yangu. Mwisho akaniambia, "Jumatatu mtu wangu anakaa humo na wewe, asikie mwenyewe. Bwana shamba atakwenda kizuizini, na kama ulinificha neno, mtakwenda wote." Kumwonya bwana shamba siwezi, kunyamaza siwezi.

Ijumaa bwana shamba akafiwa na mjomba wake, kijijini Chanzuru. Msiba wa Msagara, Mnyamwezi lazima aende, maana mtani ana kazi yake pale, kuwatania wafiwa mpaka wacheke. Msimamizi naye alikuja, akapewa kiti mbele. Kaburi lilipokwisha kuchimbwa nikarukia ndani, nikalala chali.

"Hazikwi mtu leo! Nimehamia!"

"Toka humo, mtumwa wetu wewe!" bwana shamba akanipigia kelele.

"Sitoki! Msagara mdomo mkubwa! Ukishika simu, Morogoro wanasikia, na mimi kwenye kiti changu nasikia, na huyo mzee pale na ugali wake wa jioni anasikia! Utatuua kwa kelele!"

Watu walicheka mpaka waliobeba jeneza wakaliweka chini. Bwana shamba naye alicheka, halafu kicheko kikamkatikia njiani. Akanitupia kuku, ndiyo ada ya kumtoa mtani kaburini. Nikatoka. Msimamizi alikuwa amekunja uso, lakini msibani nani amkasirikie mtani?

Tangu siku ile bwana shamba hakugusa simu. Malalamiko yake aliyapeleka Morogoro kwa basi. Yule mtu wa Jumatatu alikaa kando yangu akisikiliza bei ya pamba.

Msimamizi akataka nishtakiwe kwa kutoa siri ya serikali. Mwanasheria akachukua kalamu.

"Sawa, mzee. Niandike siri ipi? Ya kusikiliza? Kwa sahihi ya nani?"

Mzee akageuka, akatoka. Kunishtaki hakuweza. Kuninyang'anya kiti aliweza. Nikapelekwa Mikumi kulinda ghala la operesheni, ruhusa ya kutoka naomba kwake, hapewi mtu. Malori ya Zambia yanapita mbele yangu mchana kutwa, mimi nimekaa pale pale kama kigingi. Nilipochoka kuomba nikaacha kazi, nikaanza kuwapikia madereva chai.

Leo nina nyumba ya tofali, Mikumi. Nina mkahawa kando ya barabara. Nina shamba la mahindi, la ufuta, na ng'ombe watatu. Simu ninayo, wamenunua wajukuu. Wakipiga wananiamkia, naitikia marahaba, nakata. Mengine waje nayo kwa basi.