Teja wetu hakumsalimia mama yake

Leo mama muuza dagaa ameikosoa filamu yetu.

Tulikuwa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, tunarekodi filamu ya chuo. Mwenzetu Kulwa anaigiza teja. Nguo chafu, macho mazito, anainama kama anadondoka. Kwenye skripti niliyoandika mimi, anampita mama yake huku akimtukana.

Mama mmoja akaacha kuanika dagaa, akaja.

"Nani kawaambia mateja wanatukana mama zao?"

Nikamjibu ndivyo walivyo. (Jinsi nilivyojiamini, jamani!)

"Wangu alivuta unga miaka minne. Hata siku aliyoniibia sufuria alinisalimia kwanza. Shikamoo mama, na sufuria iko kwapani."

Tukacheka. Yeye hakucheka.

Nikamuuliza yuko wapi sasa.

"Tulishamzika."

Kulwa, bado yuko na matambara yake, akasema taratibu, "Shikamoo, mama."

Mama akamwangalia kutoka kichwani hadi miguuni.

"Marahaba, mwanangu."

Akarudi kwenye dagaa wake.

Kamera ilikuwa imezimwa.

Ingekuwa wewe, ungemwomba mama arudie mbele ya kamera?