Bunduki ya Kilomita Nzima

Juzi nilikuwa kwenye baa moja ya Gisimenti nikisubiri brosheti, mishikaki ya mbuzi, na kwenye meza ya jirani mabwana wawili walikuwa wameinamia simu moja. Mmoja, aliyekulia Tanzania, alikuwa akichagua bunduki ya kuwindia yenye bei ya gari. Shemeji zake wa huko wamemwalika tena, na safari iliyopita walimcheka wiki nzima kwa kumkosa swala.

"Hii ndiyo," alisema, akiikuza picha kwa vidole viwili. "Inapiga kilomita nzima. Kutoka kilima hiki mpaka kile."

Mwenzake, askari wa wanyamapori mstaafu, alifuta mafuta midomoni bila haraka.

"Sha, ile swala ilikuwa mbali gani?"

"Hatua sitini hivi."

"Basi hii iko ya kumkosa kutoka mbali zaidi."

Bwana yule aliilaza simu kifudifudi, akavuta pilipili karibu. Baadaye akauliza kwa sauti ya chini, "Muzee, wewe unaweza kunifundisha?"

Nilicheka, kisha nikatazama simu yangu. Nilikuwa nikichagua kompyuta mpya, ya nne, ili niandike safu hii vizuri zaidi. Nimeiacha. Mnachosoma kimeandikwa kwa ile kuukuu, na ubaya wake ni wangu mwenyewe.