Chumba Alichokizoea Mama

Jamani wasomaji, kabla hamjanionea huruma, jueni kwanza kwamba kosa ni langu. Si la meli, si la mawimbi, wala si la mhudumu wa vyumba ambaye ndugu zangu wanamlaani mpaka leo. Ni langu mimi! Nyumbani kwetu anayejua ni mtu mmoja tu, naye amekaa kimya mwaka mzima.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, nina saluni yangu Nkwenda, mkoani Kagera. Mama yangu mzazi anaishi Kanoni, kwenye kibanja chetu cha migomba na kahawa, pamoja na kaka yangu na mkewe. Mtoto wa kike ni mimi peke yangu. Kwa hiyo macho ya mama yalipoanza kufifia, wa kumshika mkono nilikuwa mimi.

Jicho la kulia lilishakufa kabisa, daktari akasema hilo tusilihangaikie tena. La kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho. Hilo, tuliambiwa, likifanyiwa upasuaji Mwanza litaona.

Miaka minne mama alikuwa haoni, lakini msidhani alikuwa mtu wa kukaa tu! Kibanja chake alikijua kwa hatua. Kutoka mlangoni hadi jikoni kumi na moja, ukuta uwe kushoto, kisha ishirini hadi mikahawa. Kahawa aliichambua kwa vidole, na punje mbovu hazikumpita. Kilichomuuma ni kimoja. "Mikahawa inachanua," alikuwa akisema, "naisikia harufu, ila maua siyaoni."

Basi tukaenda Bukoba, tukapanda meli ya jioni. Tulipata chumba cha daraja la pili, kule chini, vitanda viwili tu. Mhudumu alikuwa baba mmoja mtu mzima, mpole. Alimkuta mama anapapasa ukuta, hakucheka wala hakuharakisha. Akamwambia, "Shikamoo mama, njoo nikuonyeshe nyumba yako." Akamtembeza: kutoka mlangoni hatua nne, geuka kulia, shika bomba la ukutani, hatua sita, choo. Mama akarudia mwenyewe mara tatu. Usiku ule alitoka na kurudi bila kuniamsha.

Asubuhi, kabla hatujashuka Mwanza, mama akafungua mkoba wake, akatoa kahawa ya kutafuna aliyoifunga kwenye jani kavu la mgomba. Akamwekea yule baba kiganjani. Sasa, kwetu kahawa ya kutafuna si pipi. Ukimpa mtu mkononi, naye akaitafuna mbele yako, mmekuwa watu wa nyumba moja. Yule baba alikuwa mtu wa kwetu, alijua. Akaitafuna palepale, akasema, "Mama, mkirudi na meli hii, chumba hikihiki nitakuwekea."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kesho yake wakamfungua bandeji. Mama akapepesa, akanitazama weee, halafu akasema, "Kumbe una mvi!" Tulicheka mpaka nesi akatunyamazisha. Kisha akanishika mashavu kwa mikono miwili, akalia. Na mimi nikalia! Miaka minne mama hakuwa ameuona uso wangu.

Daktari aliniita pembeni. Asiiname sana, asibebe kitu, na zaidi ya yote asijigonge. Wakati wa kulala jicho lifunikwe kwa kikombe cha plastiki na bandeji juu yake. "Hana jingine," akaniambia. "Mlinde." Nikaitikia kwa kichwa.

Siku ya kurudi ikawa meli ileile, wahudumu walewale. Yule baba alikuwa ametutunzia chumba chetu kama alivyoahidi. Mama akaingia, akashika bomba la ukutani, akacheka mwenyewe. "Nimefika kwangu," akasema.

Hapo ndipo nilipokutana na dada Saumu. Ana duka la vitenge Nkwenda, wazee wake walitokea Tanga, na ni mteja wangu wa siku nyingi. Alikuwa amepata chumba cha daraja la kwanza, kule juu, chenye dirisha kubwa. Akaniambia, "Mdogo wangu, mimi kule juu meli inaniyumbisha, natapika tu. Huko kwenu chini kumetulia. Hatuwezi kubadilishana?"

Daraja la kwanza! Mimi, msusi wa Nkwenda! Sikufikiri mara mbili. Nikamwambia mama tunahamia juu.

Mama akasimama na mkoba wake mlangoni. Akasema taratibu, "Lakini hiki nilishakijua, mwanangu."

"Mama, chumba ni chumba!" nikamjibu. "Na sasa unaona, utahesabu hatua za nini?"

Yule baba akaniuliza mbele ya mama, "Mama ameridhia?" Nikasema ameridhia. Mama alinyamaza. Ndivyo alivyo, hawezi kuniumbua mbele ya watu. Baba wa watu akabeba mizigo yetu mpaka juu.

Ole wangu! Nikamkalisha mama dirishani, nikampiga picha, nikaweka kwenye status: "Mimi na mama yangu, daraja la kwanza." Hongera zikamiminika. Nilimpeleka chooni mara moja tu, kungali na mwanga, macho yangu yakiwa kwenye simu. Sikumwonyesha njia. Sikumhesabia hatua hata moja. Kule juu choo kilikuwa kushoto. Kulia kulikuwa na ngazi ya chuma inayoshuka chini.

Nikamfunika jicho lake kama nilivyoelekezwa, akalala. Mimi nikaendelea kujibu hongera mpaka usingizi ukanichukua.

Karibu na alfajiri nikasikia kishindo. Kitanda cha mama kilikuwa kitupu. Nilikimbia, nikamkuta chini ya ile ngazi ameketi, kile kikombe cha plastiki kimeng'oka, kiganja amekibana kwenye jicho, damu inapita katikati ya vidole. Hakuwa analia. Yule baba alikuwa ameshafika, amepiga magoti, amemshika kichwa.

Mama aliposikia sauti yangu akasema, "Nimehesabu nne, nikageukia kulia."

Mungu wangu! Maneno hayo nayasikia mpaka leo nikiwa nasuka watu.

Tulirudishwa Mwanza. Madaktari walihangaika, ikashindikana. Jicho ambalo liliona kwa siku mbili na kidogo likazimika moja kwa moja.

Sasa sikilizeni na hili, maana hili ni baya zaidi. Kaka alipopiga simu, anapiga kelele, anauliza mama alifikaje kwenye ngazi, niliogopa. Nikasema, "Wenyewe wa meli walitubadilishia chumba. Yule mhudumu." Lilinitoka tu! Na likishatoka, unalirudishaje?

Tulipofika Kanoni, kaka akaniuliza tena, mama akiwa ameketi palepale kwenye mkeka. "Ni yule mhudumu aliyewahamisha, si ndiyo?" Nikasema ndiyo.

Mama akageuza uso kunielekea. Akasema, "Yule baba alikula kahawa yangu. Mwacheni." Kaka akadhani ni huruma zake tu za kizee. Mimi nilielewa.

Kaka hakumwacha. Alilalamika kwa wakubwa wa meli. Nao wakanipigia simu, wakaniambia mhudumu anadai binti ndiye aliyeomba kubadilisha. Nikasema ni mwongo. Baadaye nikasikia amesimamishwa kazi. Mtu mzima, ana watoto, ametunza ahadi yake kwa mama yangu, nami nikamwita mwongo!

Dada Saumu hajui nilichosema nyumbani. Nikipita dukani kwake ananiuliza mama anaendeleaje, nami najifanya nina haraka. Ile picha nilishaifuta.

Kila nikienda Kanoni namshika mama mkono kumpeleka uani. Anaukubali. Lakini midomo yake inacheza, anahesabu. Hata nikiwa nimemshika, anahesabu!

Mwezi uliopita mikahawa ilichanua, kibanja kizima cheupe. Nikafunga saluni, nikaenda nimeamua kusema. Nilimkuta mama katikati ya mikahawa, amevuta tawi, amelibandika usoni. Nikapiga magoti, nikaanza, "Mama, kile chumba cha melini..."

Akanikatiza. "Mimi nilikuwepo, mwanangu. Usiniambie mimi. Kawaambie wao."

Kaka alikuwa hatua chache tu, anapogolea migomba. Nilisimama, nikamtazama, nikashindwa. Nikapanda gari nikarudi Nkwenda. Ndiyo maana naandika hapa.

Ninyi mnaosafiri na wazazi wenu, nawasihi. Mzee akikuambia mahali fulani ameshapazoea, usimhamishe kwa ajili ya dirisha. Ukimhamisha, mtembeze na umhesabie hatua mpaka azijue. Na ukikosea, kubali siku ileile, kabla mtu mwingine hajabeba mzigo wako.

Kaka yangu husoma ukurasa huu kila wiki, tena kwa sauti, mama akisikiliza. Kaka, kama umefika hapa, ni mimi. Mtafute yule baba kwanza, ndipo unipigie mimi.