Siku Niliyovaa Jezi ya Nadhira

Kuna siku niliitwa kwa jina la binti wa watu, mbele ya mama yake mzazi, nikaitika.

Tena niliitika "abee", kwa adabu zote, kama mtoto aliyelelewa vizuri.

Hii habari sijawahi kuiandika popote. Wanaoijua wako Ifakara na Sanje, na wengi wao siku ile walikuwa bize kucheka, kwa hiyo siwahesabu.

Naitwa Klementina. Kwetu ni Lupiro, ng'ambo ya mto, ila naishi Ifakara. Nafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Jioni nilikuwa nacheza mpira, namba tisa. Sijisifu. Ukipita Ifakara ulizia.

Miaka mitatu iliyopita tukaletewa timu ya taifa.

Usishtuke. Siyo ya kwetu. Ni timu ya wanawake ya nchi moja ndogo, jina naliacha. Ni ndogo kiasi kwamba beki wao akibutua mpira kwa hasira, inabidi utafute pasipoti ndiyo uufuate.

Meneja wao aliitwa Abdulkarim. Aliwahi kusoma Morogoro, akakumbuka kwamba Ifakara wali haujawahi kuwa shida, akaona ndiyo pa kuweka kambi kabla ya mechi za kufuzu. Wakafikia hosteli ya parokia. Wasichana ishirini na wawili, mipira sita, na daktari wa timu ambaye baadaye tuligundua ni fundi cherehani.

Siku ya tatu tukacheza nao kirafiki.

Kumi na nne bila.

Mimi peke yangu niliweka sita, na la mwisho nililifunga huku naongea na mtu aliye nje ya uwanja.

Wanaume wa Ifakara walijaa. Hawa ni wanaume ambao kwenye mechi zetu wenyewe tulikuwa hatuwapati. Wakija, wanakuja kuangalia mapaja na kutuuliza tutaolewa lini. Siku ile walikuja na viti vyao, kwa sababu walisikia kuna taifa zima linakuja kuaibishwa.

Na mimi nikawapa walichokifuata. Niliwadharau wale wasichana, sifichi. Walikuwa wanaukimbilia mpira wote kwa pamoja kama kuku waliomwagiwa pumba. Nilipowapa mkono mwisho wa mechi niliwapa vidole viwili tu.

Namba tisa wao alikuwa mmoja anaitwa Nadhira. Miaka kumi na tisa, mwembamba, miguu kama fito za kujengea. Kiswahili chao kina mkunjo wake lakini tunaelewana.

Huyu Nadhira alikuwa na tabia ya kunifuata na maswali. Nilijuaje kipa ataenda kushoto. Kwa nini ule mpira sikuupiga moja kwa moja, niliutuliza kwanza. Nilimjibu kama unavyofukuza inzi, mkono mmoja, bila kumwangalia.

Asubuhi nikipita kwenda mashineni namsikia nyuma ya hosteli, anapiga mpira ukutani. Pa, pa, pa. Masista walishalalamika kuhusu ukuta mpaka wakachoka. Mimi nilicheka. Nikamwambia Brigitha, kipa wetu, kwamba yule anafikiri ukuta utamfundisha.

Wiki ya nne tukawafunga tano bila.

Wiki ya tano tukawafunga tatu kwa moja.

Soma tena hizo namba. Mimi sikuzisoma. Nilisema Brigitha alikuwa na malaria.

Brigitha hakuwa na malaria.

Sasa ingiza mtu anaitwa Sylvanus. Ana duka la spea za pikipiki karibu na stendi, na anajiita mdau wa soka la wanawake. Ukimuuliza amefanya nini kwenye soka la wanawake, atakuonyesha picha alizopiga na wachezaji. Kila msichana anayegusa mpira bonde hili anamwita "mchezaji wangu", na hajawahi kununua hata filimbi.

Alishikamana na Abdulkarim kama kupe. Wiki ya sita wakatuita watu wanne wa Ifakara: mimi, Brigitha na viungo wetu wawili.

Abdulkarim akasema rais wa chama chao cha mpira anakuja kuiona timu. Ni rais mpya, amechaguliwa juzi, hamjui mchezaji hata mmoja. Akikuta wanafungwa, timu inavunjwa siku hiyo hiyo. Alikuwa anaongea huku anajifuta jasho, na mimi nilimwamini, maana mtu mwoga huwa anaonekana mkweli.

Sylvanus akaleta mchongo. Mechi ichezwe Sanje, sio Ifakara, kwa kisingizio kwamba ni njiani na rais hatateseka na barabara. Wapinzani wawe mabinti wa upande wa mashamba ya miwa. Na sisi wanne tuvae jezi za wageni, tuitwe majina ya wageni, tushinde, rais afurahi, aondoke.

Mimi niliahidiwa pasipoti ya nchi yao. Nikicheza vizuri ningeondoka nao kabisa, niende kwenye mechi za kufuzu, nionekane.

Hujanielewa vibaya. Sikuuliza kama ni halali. Niliuliza jezi namba ngapi.

Tisa. Ya Nadhira.

Wale wanne waliotolewa waliambiwa jioni ile kwenye ukumbi wa hosteli. Watatu walilia. Nadhira hakulia. Alienda chumbani, akarudi na jezi ameikunja vizuri, jina lake mgongoni, akanikabidhi mwenyewe.

"Inabana mabegani," aliniambia. "Uivute kabla hujaanza kukimbia."

Nikaichukua. Sikumwambia hata ahsante. Nilikuwa nawaza pasipoti.

Siku tatu zilizobaki tulifanya mazoezi ya kuitika. Abdulkarim anaita "Nadhira" ghafla, mimi nageuka. Nikichelewa tunarudia. Watu wazima na akili zetu tulikuwa tunafanya hivyo, uwanjani, mchana.

Siku ya mechi wale wanne wenye jezi zao waliachwa ndani ya basi letu dogo, Kosta, nyuma ya goli, mapazia yamefungwa. Joto la Sanje unalijua kama umewahi kufika. Mlima uko pale juu una ubaridi wake, wewe huku chini unaiva.

Tukapanga mstari, wimbo wao wa taifa ukapigwa kwenye spika. Mimi mkono kifuani, nachezesha midomo. Mabinti wa miwa walikuwa wanatuangalia kwa jicho la pembeni. Wanatujua. Tumecheza nao ligi miaka minne. Ila Sylvanus alikuwa ameshawafunga midomo kwa maneno yake, na watazamaji wa Sanje waliotufahamu waliona ni burudani.

Rais hakuuwahi mwanzo wa mechi. Gari lake lilichelewa, akaingia dakika ya thelathini, mzee mfupi wa miwani, suti imejaa vumbi.

Hakuwa peke yake. Aliteremka na mwanamke wa makamo, mtandio kichwani, kikapu mkononi.

Kumbe kwao wazazi walikuwa wamelalamika kwamba mabinti wamepelekwa mbali na hakuna anayejua wanaishije. Rais akawaambia wachague mzazi mmoja aje naye, akaone kwa macho yake. Abdulkarim hakuambiwa. Nilimwona anavyokauka pale kwenye benchi, lakini mimi nilidhani ni presha ya mechi.

Kufikia hapo nilikuwa nimefunga moja. Dakika ya arobaini nikafunga la pili. Krosi kutoka kulia, nikautuliza kwa kifua, nikamwacha beki amekaa chini.

Na nikasikia kigelegele.

Kilikuwa kirefu, cha mtu mmoja, kinatoka kwenye kiti cha yule mama. Alikuwa amesimama, anapunga mtandio. Kwa mbali vile, na jua usoni, alichokuwa anaona ni namba tisa na jina.

Nikapunga mkono. Mjinga mimi, nikampungia.

Mapumziko. Tunatembea kwenda kwenye maji, nasikia nyuma yangu sauti ya mwanamke inaita.

"Nadhira."

Nikageuka haraka, kama nilivyofundishwa.

"Abee, mama."

Alikuwa ameshakaribia, hatua kama tano. Mkononi ameshika mfuko wa vitumbua alivyokuja navyo kutoka kwao, vimeshabondeka kwa safari. Alikuwa anatabasamu.

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki pale mdomoni wakati macho yameshajua. Ndicho kitu ninachokiona mpaka leo nikifumba macho.

"Wewe ni nani?" akaniuliza.

Nikamwamkia. Nikasema shikamoo.

Hakuitikia. Akasogea, akashika kola ya ile jezi, akaigeuza kwa ndani. Kulikuwa na nyuzi nyekundu pale, nadhani mama huyo alizishona mwenyewe.

"Mwanangu yuko wapi?"

Aliuliza taratibu, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha. Angepiga kelele ningejitetea. Mama anakuta mtu amevaa nguo za mwanawe nchi ya watu, unafikiri anawaza mpira? Alikuwa anawaza maiti.

Nikanyoosha mkono kwenye Kosta.

Alikimbia. Mfuko ukaanguka, vitumbua vikamwagika kwenye majani. Mlango wa gari ukafunguliwa, Nadhira akateremka ameloa jasho kuliko sisi tuliokuwa tunacheza, na mama yake akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamkagua usoni, masikio, shingo, kama anamhesabu.

Abdulkarim akaanza kumweleza rais kwamba huyo mama amechanganyikiwa na safari. Hilo nilisikia kwa masikio yangu. Binti yuko mikononi mwa mama yake, na mtu mzima na tai yake anasema mama amechanganyikiwa.

Yule mama alirudi hadi kwangu, ameshika mkono wa Nadhira.

"Vua," akaniambia. "Mwenyewe yupo."

Nikavua mbele ya watu wote. Ndani nilikuwa na fulana kuukuu ya kampeni. Nadhira akaivaa jezi imelowa jasho langu, akaivuta mabegani.

Rais akatamka kwamba wanne wa Ifakara watoke, mabao mawili yafutwe, mechi ianze upya na wenye timu yao. Refa akakubali.

Wakacheza. Mimi nimekaa chini nje ya mstari, nasubiri waaibike. Naomba unielewe, hata baada ya yote yale bado roho yangu ilikuwa inasubiri waaibike, ili nionekane nilikuwa na maana.

Hawakuaibika. Walikaba. Walipigiana pasi. Nadhira alipiga mwamba mara moja na kipa wa miwa alikuwa ameshasalimu amri. Wakafungwa moja tu, dakika za mwisho, kwa kona.

Moja bila. Na mabinti wa miwa, sikukwambia, sisi walikuwa wanatufunga.

Kipyenga cha mwisho, Abdulkarim akaenda kwa rais, akamwomba asiivunje timu.

Yule mzee akavua miwani.

"Nani alikwambia naivunja?"

Abdulkarim akasema alivyoandikiwa kwamba rais anakuja kuitazama timu, alielewa hivyo.

"Nilikuandikia nakuja kuwaona. Nimekuja na ratiba yao ya safari. Wiki ijayo wanaondoka, wafungwe wasifungwe."

Ndiyo hivyo.

Hakukuwa na tishio. Hakuna aliyetaka kuivunja. Mtu mmoja mwoga alisoma barua ya mistari miwili, akatunga hofu yake mwenyewe, mjanja wa spea akaiongezea chumvi, na mimi na miguu yangu nikakimbia nayo.

Abdulkarim alivuliwa umeneja pale pale. Sylvanus hatukumwona. Mechi inaanza upya yeye alikuwa ameshadandia bodaboda, yuko Mkula huko.

Asubuhi ya safari nilienda hosteli kuomba msamaha. Nadhira alikuwa anapakia mizigo. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniambia kwamba mle ndani ya gari alikuwa anachungulia kwenye pazia, na kila nilipofunga alinichukia.

"La pili hata mimi ningefunga," akasema.

Nikamuuliza la kwanza je.

Akafunga zipu ya begi. "La kwanza hapana."

Hakucheka. Akabeba begi lake, akapanda gari.

Hawakufuzu. Walifungwa mbili moja, marudiano wakatoka moja moja na timu ambayo mwaka wa nyuma iliwapiga tisa. Bao lao la marudiano alifunga beki, siyo Nadhira. Mimi nilifungiwa msimu mzima wa ligi yetu, nikaona ni sawa. Pasipoti mpaka leo sina.

Na Sylvanus? Msimu huu ndiye mwenyekiti wa kamati ya mashindano ya wanawake ya bonde. Juzi kanipigia simu, ananiita mchezaji wangu. Nikamkatia.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, chukua hili. Mtu akisema anataka kukusaidia, halafu hatua ya kwanza ya msaada wake ni wewe kutoka uwanjani na kufungiwa mapazia, huyo hakusaidii. Anakuonea aibu.

Na kama wewe ndiye unayeombwa kuvaa jezi ya mwenzako, usijidanganye kwamba umechaguliwa kwa kipaji. Mimi nilikuwa na kipaji. Walichokuwa wanakihitaji kwangu ni mtu asiye na haya.

Wakanipata.