Kamera ya Mawe Mawili

Bibi yangu hakuwa na picha. Alikuwa na karte ya uchaguzi, ndiyo, lakini miaka yote aliifunga kwenye fundo la kitenge kiunoni, na jasho lilikuwa limekula uso. Jina lilisomeka. Mahali pa uso palibaki doa la kijivu. Yeye alicheka tu: "Angalia, nimekwisha kuwa pepo, na bado niko nakula."

Ni yeye aliyenilea hapa Kasongo, tangu mama alipofuata dhahabu Lusangi akabaki huko. Nilikuwa mwaka wa tano wa sekondari, mtu wa kuandika daftari kuliko kusema. Miguu ya bibi ilipovimba na pumzi ikawa fupi, mjomba alituma habari kutoka Kabambare: Ijumaa, baada ya sala, atakuja na pikipiki amchukue akamuuguze kwake. Nyumbani sote tulielewa. Barabara ile, mgonjwa kama yule haendi akarudi.

Nilitaka uso wake ubaki kwangu. Ni hilo tu.

Jirani alikuwa na simu ya kupiga picha, bibi akakataa. "Uso wangu utembee mufukoni mwa mutu mwingine? Hapana." Mpiga picha wa sokoni ni mwanaume, bibi akamkataa naye pia. "Ukinipiga wewe mwenyewe, mujukuu wangu, nitakubali." Basi Alhamisi nilichukua pesa zangu zote za kusuka nywele, nikaenda sokoni kwa mfanyabiashara mmoja wa kutoka Bukavu. Alikuwa ametandika turubai, juu yake pasi, radio kuukuu na kamera mbili zilizokwisha kutumika.

Nilisimama mbele yake, macho kwenye viatu vyangu.

"Dada," akasema, "uko unaongea na mimi ama na viatu vyako?"

Watu walicheka. Nikaonyesha kamera kwa kidole.

Nyeusi ilikuwa na betri yake bapa na chaji yake. Akaniambia ukiijaza umeme, utapiga foto mpaka uchoke. Nyingine ilikuwa ya rangi ya fedha, imekwaruzwa pembeni. "Hii apareyi inakula mawe mawili madogo, kama radio. Bei ni moja. Chagua."

Nyeusi ingenilazimu kwenda kwenye nyumba ya kuchaji simu, pale vijana wanapokaa tangu asubuhi wakimtania kila msichana anayepita, niiache mikononi mwao, na jioni niidai kwa sauti mbele yao. Mawe, yaani betri ndogo za radio, yanauzwa kwenye kila kioski. Tena mawe tunayajua sisi: yakichoka unayaanika juu ya mabati, jua linayaamsha, na radio ya bibi inasema siku mbili nyingine. Nikajiona nina akili.

Akatia mawe ya kwake mwenyewe. Kamera ikawaka, akanielekezea, ikalia, akanionyesha: mimi, kichwa chini, utosi wote unaonekana. "Ona, hata apareyi imeshindwa kukuinua uso!" Kisha akayatoa mawe yake. "Haya siuzi, dada." Aliniachia niyashike kidogo wakati akitafuta mfuko. Yalikuwa mazito kuliko ya kwetu. Niliona. Swali lilifika mpaka kwenye ulimi: kwa nini mazito? Nyuma yangu wanaume wawili walikuwa wanangoja zamu. Nikalipa, nikaondoka.

Ijumaa asubuhi nilinunua mawe mawili kioskini. Bibi alikwisha kuoga, amevaa kitenge cha Idi na mtandio mweupe, amekaa kwenye mkeka mlangoni, mgongo umenyooka kama wa msichana. Nikawasha. Kioo kikaandika kwa Kifaransa: weka tarehe na saa.

Mawe yakitolewa, kamera ile husahau siku. Sikujua. Nikajaza. Mwaka ulianzia nyuma sana, nikapanda mmoja mmoja, nikaja kwenye mwezi, siku, saa, dakika. Sijui kuacha tarehe wazi. Mwalimu wetu hapokei kazi isiyo na tarehe, na daftari langu halijakosa hata ukurasa mmoja. Nilipomaliza, kioo kikiwa kimekula mawe muda wote huo, mdomo wa kamera ulitoka nje nusu, alama nyekundu ya mawe kuisha ikawaka, kamera ikafa. Mdomo ukabaki nje kama ulimi.

"Bado?" bibi akauliza.

"Bado kidogo, bibi."

"Fanya haraka. Uzuri huu haulali."

Pesa ilikuwa imekwisha. Nikapanda juu ya kinu, nikayaanika mawe juu ya mabati, na yale ya radio pia, manne kwa safu. Watu walienda msikitini, watu wakarudi, bibi hajaondoka mkekani, hajalegeza mgongo. Halafu nikasikia pikipiki.

Mjomba alimfunga bibi kwa kitenge mgongoni mwake, kama anavyofungwa mtoto, asianguke njiani. Nikashuka na mawe ya radio, bado ya moto kiganjani. Nikawasha. Weka tarehe na saa.

Nikaanza kujaza.

Hapa ndipo huwa naacha kuandika. Mara tatu nimeanza ukurasa huu nikaishia hapa. Pikipiki ilikuwa inanguruma, mjomba anasema "Twende, mvua iko inakuja," na mimi nilikuwa natafuta mwezi. Nilipomaliza, bibi aliingia kwenye kioo, mdogo, mtandio mweupe, akitazama moja kwa moja. Nikabonyeza. Kioo kikawa cheusi kabla ya mlio.

"Imetoka?"

Wote walikuwa wananitazama: mjomba, jirani, watoto wa njiani.

"Imetoka, bibi."

"Nionyeshe."

"Mpaka ioshwe kwanza."

Zamani picha zilioshwa, alijua hivyo, akaridhika. Akanigusa shavu. "Ukiniosha, usinifute makunyanzi. Nimeyatafuta mwenyewe."

Wakaondoka.

Alifariki Kabambare, akazikwa huko. Baadaye mwenzangu wa darasa alipoishika kamera, alibonyeza kitufe kimoja na lile swali la tarehe likaruka. Mara moja tu. "Hii si lazima kujaza," akaniambia, akaendelea na hadithi yake nyingine.

Arobaini tuliisoma hapa Kasongo, nyumbani kwake. Mjomba alikuja na fundo la bibi, ndani yake karte ile isiyo na uso. Baada ya dua, wanawake wakigawa wali, alinigeukia mbele ya watu wote.

"Mama alituambia kila siku mujukuu wake amemupiga foto. Kila mugeni aliyeingia: mujukuu wangu amenipiga foto. Sasa iko wapi? Watoto wangu pia wanataka kumuona."

Nilitazama mkeka.

"Unatuficha? Alikuwa bibi yako peke yako?"

Shangazi mmoja akasema, "Mwache, ana aibu tu." Mwingine akasema, "Aibu? Huo ni uchoyo." Mjomba akatikisa kichwa, akala wali wake, na asubuhi akarudi Kabambare bila kuniaga.

Mtu mmoja aliyetoka Kindu aliniletea mawe mazito kama yale ya sokoni; mepesi ya kioski hayana nguvu ya kulisha kamera. Kamera inawaka vizuri sasa. Nikiruka swali la tarehe, ndani iko picha moja tu: mimi sokoni, kichwa chini. Mjomba ametuma habari: kesho mtu wa pikipiki atapita kuchukua picha ya bibi. Nimeanza barua ya kumweleza kwamba haikutoka. Tarehe nimeiweka. Neno la kwanza baada ya "Mjomba" sijalipata.