Ersilia na Ukuta wa Njia ya Jabalini

Habari hii nilisimuliwa na Ersilia Bavastro mwenyewe, mwezi Mei mwaka huu, vipande vipande, kila aliposimama mlangoni kwangu kujaza maji chupa yake. Mwisho wake niliuona kwa macho yangu.

Asubuhi, umande haujakauka, Ersilia yuko juu ya jabali, mtaimbo begani. Chini yake bahari inapiga mwamba. Mbele yake njia imekatika. Kipande kirefu kama kitanda cha watu wawili kimeporomoka pamoja na ukuta ulioshikilia udongo wake.

"Usisogee hapo, mwanangu," anamwambia mtalii anayetaka kuruka. "Kama ni bahari, hata hapo ulipo unaiona. Rudi."

Ersilia ana miaka hamsini na minane. Ni mtunza njia wa Costamora, kijiji chetu. Halmashauri humlipa mshahara wa nusu siku, lakini mwezi huo alikuwa akirudi nyumbani jua likizama. Njia yenyewe ni fupi, nusu saa kwa miguu, inapita juu ya jabali hadi Prelasco, kijiji cha jirani. Watalii wanaipendea picha. Sisi tunaihitaji kwa ajili ya Mama Maria.

Sanamu yake ni moja, vijiji ni viwili. Majira ya baridi Mama Maria anakaa Prelasco, majira ya joto anakaa kwetu. Jumapili ya kwanza ya Juni tunakwenda kumchukua, na hapandi gari wala mashua. Anabebwa mabegani kwa njia ya jabalini. Tusipofika siku hiyo, anabaki kwao mwaka mzima. Hilo halijatokea tangu nizaliwe, na mimi sikuzaliwa jana.

"Prelasco wameshaanza kumshonea nguo za kiangazi," Ersilia aliniambia, akicheka kwa hasira.

Aliyeiponza njia ni shemeji yake, Baciccia. Vuli iliyopita Ersilia alikuwa hospitalini kwa ajili ya goti. Shemeji akaona ukuta umelegea, akataka kumfanyia wema. Akachanganya saruji, akaziba kila tundu. Sasa, kuta zetu hujengwa kwa mawe matupu, na matundu yale ndiyo njia ya maji. Mvua za Februari zilipokuja, maji yakakosa pa kutokea. Ukuta ukavimba kama tumbo, ukapasuka.

"Nilitaka usichoke, shemeji," Baciccia alijitetea.

"Na kweli sikuchoka, nililia nimekaa. Haya, shika nyundo, bomoa ulichojenga."

Baciccia akabomoa saruji, Ersilia akapanga mawe. Lakini mawe marefu, yale yanayoingia ndani ya udongo na kuushika ukuta, yote yalikuwa yamekwenda na bahari. Akaenda bustanini kwake, akabomoa ukuta wa shamba lake la vitunguu, akayatoa huko. Hakuniambia. Nilikuta tu kapu zima la vitunguu vichanga jikoni kwangu.

"Vitunguu vitapandwa tena," alisema nilipomuuliza. "Mama Maria hapandwi."

Kila siku Oreste Gandolfo, mtunza njia wa Prelasco, alikuja kukaa upande wake wa pengo, akila mkate na dagaa wa chumvi.

"Polepole, dada! Mama Maria ameshazoea chakula chetu."

"Ndicho kilichomkondesha."

"Huyo shemeji yako mtume kwetu, tuna kisima cha kuziba."

"Tafuna, Oreste. Mdomo wako ukijaa unapendeza."

Mzaha, lakini Ersilia alikuwa na hofu. Kwa desturi, mtunza njia wa kijiji kinachomtoa Mama Maria ndiye anayepita kwanza. Akisema haipitiki, safari imekwisha. Na katika Prelasco yote hakuna aliyetaka Mama Maria abaki zaidi ya Oreste. Mama yake ni mgonjwa, hatoki kitandani, na dirisha lake linatazamana na mlango wa kanisa anamokaa Mama Maria.

Jumamosi saa kumi jioni, jiwe la mwisho lilipokaa, Oreste akasimama, akapangusa makombo, akavuka. Ni mtu wa mwili. Akakanyaga ukingoni. Akarukaruka kuujaribu ukuta. Akapiga magoti, akaingiza vidole kwenye matundu, akasukuma mawe kwa mtaimbo. Baciccia alikuwa amefumba macho.

"Huyu ameweka mkono hapa?" Oreste aliuliza.

"Amebeba tu."

Akaruka tena. Kisha akavua kofia, akajifuta jasho.

"Nimetafuta kosa, dada, sijalipata. Na nimetafuta kwa moyo wote." Akageuka kwenda kwao. "Kesho msichelewe. Mama yangu atataka kumuaga."

Hatukuchelewa. Wanaume wanne walimbeba Mama Maria, wakasimama naye chini ya lile dirisha mpaka mkono mwembamba ulipopunga. Kisha wakashika njia. Walipopita juu ya ukuta mpya, hata kokoto haikudondoka. Baciccia alilia kuliko wajane wote wa Costamora.

Tukala tambi za mrehani chini ya mzabibu wangu. Mchana ukawa mzito, kijiji kikalala. Baciccia alitangulia, mdomo wazi. Ersilia alikuwa bado na mabuti yake, na bado ana maneno.

Oktoba Mama Maria atarudi Prelasco, na Ersilia anataka kuwa mmoja wa wabebaji. Tangu enzi za mababu wabebaji wamekuwa wanaume.

"Nimemwambia Padri Ilario. Akacheka. Nikamtazama. Akaacha kucheka."

"Na goti lako?"

"Bibi, kinachobeba ni bega. Nina mabega mawili, yote mazima. Nataka mbele, upande wa baharini. Oreste anasema yeye atashika nyuma, aone kama nitapepesuka. Namngoja, tena nitamwambia..."

Hakumaliza. Kichwa kilikuwa kimeshalala juu ya mkono, na kokwa la zeituni bado kiganjani.